Kutembea Mji Mkongwe bila ya kuwachosha wenyewe: maneno ya fundi chokaa

Kazi yangu ni kupiga chokaa. Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ikianza kumwaga plasta, dari ikilegea au ukuta ukitoa tumbo, ndipo tunapoitwa mimi na wenzangu. Kwa hiyo mchana mwingi niko juu ya jukwaa la miti, na wageni wanapita chini yangu. Fundi aliye juu hatazamwi. Watu husema yao na kufanya yao kana kwamba uchochoro mzima ni wao. Niliyoyaona kutoka huko juu ndiyo nitakayoyaeleza hapa, na nayaelekeza khasa kwa wageni wanaosema Kiswahili: wa Dar, Arusha, Mwanza, Nairobi, Mombasa, na ndugu zetu wanaorudi likizo kutoka Maskati na Ulaya. Mzungu akifika hotelini mara nyingi hupewa maelezo ya adabu za hapa kabla hajafungua begi. Wewe huambiwi kitu, maana kila mtu anadhani unajua.

Jua kwanza unachokiegemea

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikizwa kwa udongo na chokaa. Dari zimekaa juu ya boriti za mikoko. Boriti hazina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vya zamani vinakwenda kwa urefu lakini upana wake ni mdogo. Si kwamba mwenye nyumba alikuwa bakhili. Jiwe la matumbawe lina vitundu na linanyonya maji. Chokaa inaliacha lipumue: maji yanayoingia masika hutoka kiangazi. Akija mtu akapiga saruji juu yake, maji yanafungiwa ndani, yanakwenda kuozesha vichwa vya boriti pale vilipoingia ukutani, na dari inashuka bila ya kubisha hodi.

Mgeni anaingiaje hapo? Chokaa ni laini. Ukucha unaiparura, ufunguo unaichimba. Kuna ule mkao wa picha ambao sijui nani aliuanzisha: mtu anasimama, mgongo umegusa ukuta, mguu mmoja ameukunja nyuma na soli imekanyaga ukuta. Akitoka yeye anakuja rafiki yake, pahala palepale, kwa sababu mlango wa nyuma yake ni mzuri. Mwisho wa msimu, kwenye urefu wa goti, chokaa imekwisha na jiwe liko nje. Kuziba pale si kazi ya kupaka rangi. Lazima nigonge kwanza nisikie plasta iliyokufa imefika wapi, maana hulia kama debe tupu, niikate yote hata kama inaonekana nzima kwa macho, niroweshe ukuta, kisha nipige tabaka nyembamba moja, niiache ikae, nipige nyengine. Nikifanya haraka inapasuka. Hakuna mgeni mmoja aliyewahi kubomoa nyumba, lakini mafundi tunajua ukuta upi unapigwa picha sana bila ya kuambiwa.

Basi simama mbele ya ukuta, usiuegemee. Baiskeli na pikipiki ulizokodi usizilaze ukutani. Misumari ya shaba ya milangoni usiivute kuona kama imekaza; ilikuwa imekaza kabla hujaja. Na jina lako na la mchumba wako yaandikeni mchangani kule Nungwi, maji yatakuja kuyachukua.

Kama umekuja wakati wa masika, Machi mpaka Mei, tembea ukitazama na juu pia. Ukuta uliokunywa maji ni mzito. Roshani yenye mbao nyeusi zilizoanza kuinama usisimame chini yake kujikinga mvua. Na ukikuta mabati yamezungushwa jengo, yameachwa hapo kwa sababu. Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883 mkabala na bustani ya Forodhani, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 huku mafundi wakiwa kazini, na watu wawili walifariki. Bado kuna vijana wanaotafuta upenyo kwenye mabati ya majengo mabovu ili wapige picha ya ndani. Wallahi picha hiyo haifai.

Vichochoro ni barabara zetu

Ramani ya simu itakwambia umo ndani ya urithi wa dunia, na ni kweli, UNESCO iliutia mji huu kwenye orodha yake mwaka 2000. Lakini kichochoro ulichosimama ndimo maji ya chupa, saruji, magunia ya mchele na jeneza vinamopita. Ukisikia nyuma yako "hodi, hodi!" huyo ni mwenye rikwama, yaani mkokoteni, na rikwama iliyojaa haina breki. Jibanze upande mmoja, wote upande mmoja, msigawanyike nusu huku nusu kule mkimwacha achague wa kumgonga. Vespa na pikipiki nazo zinapita humo humo, na mimi mwenyewe sizipendi, lakini zipo.

Hapo Kiponda niliwahi kutazama maharusi kutoka bara wakipigwa picha za kabla ya harusi. Gauni lina mkia wa kutosha kufunika njia nzima, kuna kijana ameshika taa, mwengine ameshika kioo cha kurudisha mwanga, na mpiga picha amelala chini chali. Mwenye rikwama amesimama na mifuko yake ya saruji, jasho linamtiririka. Nyuma yake bibi mmoja na kikapu chake kutoka sokoni Darajani. Nyuma ya bibi watoto wanatoka chuoni, yaani madrasa, na juzuu zao. Hakuna aliyegomba. Bibi aliwaambia "Mashaallah, bibi harusi mzuri," akangoja. Walifikiri wameruhusiwa. Ukweli ni kwamba mtu wa hapa atangoja mpaka jua lizame kabla hajamwambia mgeni aondoke njiani, na ndiyo maana inafaa mgeni aone mwenyewe. Ukitaka picha za namna hiyo, njoo baada ya alfajiri, jua linapoanza kuchungulia. Njia ni tupu, mwanga ni mzuri kuliko wa saa kumi, na gauni halitakanyagwa.

Salamu itangulie kila kitu. Hapa hatuanzi na "samahani, Forodhani ni wapi?" Tunaanza na salamu alekum, au sabalkheri, au masalkheri kama jua limepinduka, mkubwa mpe shikamoo yake, mwache ajibu, akuulize unatoka wapi, kisha uliza njia. Ukifanya hivyo, mara nyingi mtu atainuka akupeleke mwenyewe mpaka kona ya pili, na hatadai kitu.

Baraza, yaani yale maviti ya mawe yaliyojengwa pamoja na ukuta nje ya nyumba, ni sehemu ya nyumba ya mtu. Kukaa unaruhusiwa, ndiyo kazi yake, lakini kama mwenyewe yupo mlangoni sema neno. Usiache chupa, usimwage juisi ya miwa ikavutia wadudu, usitandaze chips. Mafuta yakiingia kwenye chokaa hayatoki tena. Pale kwenye kijiwe cha Jaws Corner utakuta wazee na vijana kwenye kahawa, bao, karata na siasa. Nunua kahawa, chukua na kashata, sikiliza. Usiwarikodi. Mtu akisema maneno yake ya siasa kijiweni anayasema kwa waliokaa pale, na wewe hujui kesho yatamfikisha wapi yakizunguka mitandaoni.

Picha za watu

Omba. Akikataa, shukuru upite. Mlango ulio wazi si dirisha la duka; kule ndani kuna ukumbi, na ukumbini kuna mwanamke ambaye hajajifunika kwa sababu yuko kwake. Watoto wa chuo na wa skuli waache. Najua ni wazuri na kanzu zao na baibui zao, lakini mama zao hawakukuruhusu. Ikulu, bandari, polisi na kambi usielekeze kamera kabisa, utajitia kwenye mazungumzo marefu.

Kuna jambo jengine la Forodhani. Jioni vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, wanaitwa makachu, na kwa kweli wanajua kuruka. Wakubwa wanajua maji ya kujaa na ya kupwa. Wadogo wanaoiga hawajui. Ukimtolea mtoto pesa arukie tena ili upate video nzuri zaidi wakati maji yameshaanza kutoka, unamlipa arukie mawe. Watazame, wapigie makofi, na ukitaka kumtunza mtu mtunze mkubwa aliyeruka kwa hiari yake.

Mavazi na mskiti

Funika mabega na magoti uwapo mjini, mwanamume na mwanamke. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Kanga moja mkobani inamaliza shida zote, na hakuna haja ya kujifanya Mzanzibari kwa kununua baibui la siku mbili. Bia ipo, inauzwa mahotelini na kwenye baa zenye leseni. Inywee huko huko, usitembee na chupa vichochoroni.

Ijumaa adhuhuri maduka mengi yanafungwa na vichochoro vya karibu na misikiti vinajaa viatu. Zunguka, usiruke viatu vya watu. Kama ni Muislamu, karibu uswali popote. Kama si Muislamu, mskiti utazame nje, ila mwenyewe akikukaribisha. Mskiti wa Malindi una mnara wake wa duara unaochongoka, na unauona vizuri kabisa ukiwa njiani. Kanisa la Minara Miwili, lile la Wakatoliki kule Shangani, nalo ni hivyo hivyo: kama kuna misa, kaa uswali au ungoje nje.

Mwezi wa Ramadhani watu wa bara wengi huukimbia, na mimi nasema wanakosea. Ni kweli mchana migahawa mingi imefungwa, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani ni jambo la kuudhi linaloweza kukuletea matatizo na polisi. Utakula hotelini kwako, ndani. Lakini baada ya magharibi mji unafunguka mpaka usiku wa manane, na ukiwa umekaa na watu vizuri mchana, usishangae mtu akikuvuta mkono uingie kufuturu. Ukialikwa usikatae mara mbili. Nenda na tende, au matunda.

Mkunazini

Hapa nataka twende polepole. Kanisa la Anglikana la Mkunazini lilijengwa pahala palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash kwa shinikizo la Waingereza, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo chini ya Askofu Edward Steere. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na minyororo waliyofungwa ni minyororo ya kweli ya zamani. Kuna vyumba vya chini, dari fupi, unaingia umeinama.

Wageni wa Kiswahili wanafanya mambo mawili pale ambayo yananiuma. La kwanza ni wale wanaoshuka shimoni kujifunga minyororo shingoni wapigwe picha wakicheka. Waliopita hapa walitolewa Nyasa, Manyema, Unyamwezi, Uzaramo. Huenda ni babu wa bibi yako. Shuka kimya, simu mfukoni, mpishe mwenzio aliyesimama anaomba.

La pili ni kutoka pale na hasira, ukaenda kumtolea muuza kofia wa mtaani kwa sababu ngozi yake ni nyeupe kuliko yako, au kumuuliza mtu mweusi wa hapa kama yeye "ni wa watumwa". Nimeyasikia yote mawili, kwa masikio yangu, nikiwa juu ya jukwaa. Mji huu watu wake wamechanganyika, koo moja ina pande zote mbili, na watu wengi hawaulizani. Ukitaka kujua zaidi ingia kwenye maonesho yaliyopo hapo hapo, soma, muulize mtembezaji wako.

Pesa na nani umpe

Mtembezaji wa kweli ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Muombe akioneshe, hataona vibaya. Mapapasi, wale wanaojipachika kwa wageni, watakukuta bandarini, wengine watasema kaka yao ni nahodha na shemeji yao ana hoteli. Usiwatukane, ni vijana wanaotafuta. Sema "ahsante, nishapata mwenyeji" bila ya kusimama, basi. Ukisimama kueleza, umeshaingia kwenye biashara.

Forodhani usiku, wauzaji wenye kofia nyeupe watakujazia sahani huku wakikuhadithia. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijagusa sahani: mshikaki huu kiasi gani, pweza huyu kiasi gani, na mkate je. Ukishakula, bei iliyotajwa ndiyo bei. Mimi nakushauri uanze na urojo, na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, kisha ndio utafute samaki. Kamba wadogo na pweza wadogo wa saizi ya kiganja waache; kila ukiwanunua, mvuvi anarudi kuwatafuta.

Kuhusu kupatana bei, watu wa bara mnatushinda, na baadhi yenu mnafurahia mpaka kupita kiasi. Patana kwa vitu vya duka. Kwa mama aliyekaa chini na mafungu yake ya ndimu Darajani, au mpagazi aliyekubebea mabegi kutoka bandarini mpaka Hurumzi, lipa alichosema kama ni cha haki. Vitu vya baharini, makombe makubwa, matumbawe, gamba la kasa, usinunue hata ukiambiwa viliokotwa.

Ukivuka kwenda kisiwa cha Changuu, wale kobe wakubwa asili yao ni Shelisheli. Walishe mboga unayopewa pale pale, usiwapande wala usimkalishe mtoto juu yao. Gamba la kobe lina hisia, si meza.

Kulala

Sikuchagulii nyumba. Nakwambia maswali. Muulize mwenye nyumba ya wageni wafanyakazi wake wanakaa wapi, maji anayapata vipi, na nani anamfanyia ukarabati. Mitaa mingi ya hapa maji ya bomba yanatoka kwa zamu. Jirani wa hoteli yako amejaza ndoo zake usiku wa manane, na wewe ukifungua bafu nusu saa pampu inavuta upande wako. Oga uondoke. Taulo moja inatosha siku tatu. Njoo na chupa yako ya maji ujaze, maana chupa tupu ya plastiki ukishaitupa kwenye pipa lililojaa, mvua ya kwanza inaipeleka mtaroni na mtaro unakwenda baharini. Mifuko ya plastiki usije nayo kabisa, imepigwa marufuku.

Usiku, sauti. Kuta zetu ni nene lakini madirisha yako wazi na vichochoro ni vyembamba, hivyo kicheko cha chini kinafika ghorofa ya tatu kama kilivyo. Spika za mkononi zizimwe mkishaingia ndani ya mitaa. Kama mnatoka taarabu, mmefurahi, mmetunza waimbaji noti zote mlizokuwa nazo, vizuri sana; imbeni mpaka Forodhani, kisha nyamazeni.

Na swali lile la ukarabati usilione dogo. Mwenye nyumba akijibu kwa fahari kwamba amepiga saruji tupu nje na ndani, mtajie kwamba kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ambayo ndiyo inayotoa ruhusa za ujenzi humu, na kwamba mafundi chokaa bado tuko. Wageni wakiuliza watatu wanne, mwenye hoteli anasikia kuliko akiambiwa na mimi.

Mlango

Kila mgeni mwenye pesa kidogo anataka mlango. Wa zamani usinunue. Ukiambiwa "huu ni wa kale, umetoka kwenye nyumba iliyobomoka", uliza kibali chake kiko wapi, maana urithi huo hautolewi visiwani hivi hivi. Na mara nyengine nyumba haikubomoka mpaka mlango ulipotolewa: fremu ile nene inashikilia uzito wa ukuta wa juu yake, na ikivutwa, jiwe la kwanza linafuatwa na mengine.

Agiza mpya. Maseremala wa kuchonga wapo mjini na nje ya mji, wanachonga maua, mnyororo wa pembeni, aya au mwaka kwenye kizingiti cha juu, chochote unachotaka, na misumari ya shaba wanapiga. Kaa na fundi mkubaliane mbao gani, malipo ya mwanzo kiasi gani na kazi itakwisha lini, muandikishane. Itachukua wiki nyingi, usimharakishe. Vipimo vya uwazi wa ukuta wako vichukuliwe na fundi wako wa nyumbani kwa futi kamba, upana juu, kati na chini, na unene wa ukuta pia, kwa sababu fremu za namna hii ni nene na nyumba za siku hizi kuta zake ni nyembamba.